Pima Valvu Pampu Ikiwa Imezimwa

Pampu ya kisima ikinguruma na maji yakipanda tankini, valvu iliyoko mwisho wa bomba la kunyonyea haina kazi kubwa. Imefunguka, maji yanapita, basi. Kazi yake inaanza pale swichi inapozimwa, maji yaliyokwisha kupanda mita 15 au 20 yanapotaka kushuka yalikotoka. Dayodi iliyo kati ya paneli ya sola na betri iko hivyo hivyo: mchana kutwa inapitisha mkondo tu, na thamani yake inajulikana jua likishazama. Valvu za moyo wako na za vena za miguu yako nazo hazitofautiani na hizo. Mwongozo huu umesimama juu ya jambo hilo moja. Kifaa cha kupitisha kitu upande mmoja hakisukumi chochote, kinazuia kurudi, kwa hiyo kipimo chake cha haki ni wakati msukumo umekoma. Wengi wetu, mafundi wakiwemo, hukipima msukumo ukiwepo, kisha ama tunaridhika na kibovu ama tunanunua kipya mahali ambapo cha zamani hakikuwa na kosa.

Kabla ya kushika spana au mita, tenganisha mambo mawili ambayo mazoea huyachanganya: msukumo na mlango. Mto Rufiji unakwenda Bahari ya Hindi bila valvu hata moja, kwa kuwa ardhi imeinamia huko. Ukifika kwenye delta yake utaona mwinamo huo ukishindwa: bahari ikijaa, maji ya chumvi huingia na kupanda kwenye mikono ya mto, na hapana cha kuyazuia. Mti nao hupandisha maji kutoka mizizini hadi majani ya kileleni bila valvu. Majani yanapopoteza maji kwa jua na upepo, maji yaliyoshikana ndani ya mirija myembamba huvutwa juu. Usiku mvuto huo ukilegea, imepimwa kwa aina kadhaa za miti kwamba maji hutoka mizizi mirefu iliyo kwenye udongo wenye unyevu na kuvujia kwenye udongo mkavu wa juu. Penye msukumo mmoja usiokatika, mlango hauhitajiki. Msukumo ukigeuka, mtiririko nao unageuka. Mlango ni wa mahali ambapo msukumo unakuja na kwenda: pampu inayowashwa na kuzimwa, moyo unaobana na kulegea, jua linalochomoza na kuzama, misuli ya mguu inayokaza kila unapopiga hatua. Basi mbele ya mfumo wowote unaosumbua, uliza kwanza: msukumo hapa ni nini, unakatika lini, na ukikatika ni kitu gani kinataka kurudi?

Ushahidi mzuri kuliko wote uko mkononi mwako, na hautaki kifaa zaidi ya kitambaa. Hieronymus Fabricius, mwalimu wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Padua, Italia, alichapisha mwaka 1603 maelezo na michoro ya vilango vidogo vilivyomo ndani ya vena. Aliviona barabara, lakini akadhani kazi yake ni kupunguza kasi ya damu isijazane mikononi na miguuni. Mwanafunzi wake Mwingereza, William Harvey, aliviangalia vilango vile vile akajali vimeelekea wapi, akakuta vinaruhusu damu kwenda moyoni na kuikatalia kurudi. Mwaka 1628, katika kitabu kilichochapishwa Frankfurt, alieleza kwamba damu huzunguka mwilini. Hoja yake ya pili ilikuwa hesabu ya kawaida: damu inayosukumwa na moyo kwa nusu saa tu ni nyingi kuliko damu yote iliyomo mwilini, kwa hiyo haiwezekani kila mara iwe mpya iliyotengenezwa kutokana na chakula. Hakuwahi kuona mirija midogo inayounganisha ateri na vena. Marcello Malpighi aliiona kwa hadubini mwaka 1661, kwenye mapafu ya chura, miaka 4 baada ya Harvey kufa. Ila Harvey hakuhitaji kuiona. Mwelekeo wa vilango ulitosha kumwambia njia.

Jaribio la Harvey la kupima vilango hivyo unaweza kulirudia. Funga kitambaa juu ya kiwiko, kwa kukaza kiasi ambacho mapigo bado yanasikika kwenye kifundo cha mkono, kisha kunja na kukunjua ngumi mara chache. Vena za kigasha zitainuka, na kwa mtu mwembamba utaona hapa na pale kama fundo dogo kwenye mshipa. Hapo ndipo penye kilango. Chagua kipande cha mshipa kilichonyooka. Bonyeza kwa kidole kimoja upande wa kiganjani, ukiwa umekiacha hapo hapo, na kwa kidole kingine cha mkono huo huo pitisha kwa kusukuma damu kuelekea kwenye kiwiko mpaka uvuke fundo. Inua kidole hiki cha pili. Mshipa kati ya kidole cha kwanza na fundo utabaki bapa, mtupu, ingawa juu ya fundo umejaa damu na kuvimba. Damu ile ya juu iko karibu kabisa, haina kidole kinachoizuia, na bado hairudi. Sasa inua kidole cha kwanza: mshipa unajaa mara moja, kutoka chini. Angalia ulichokifanya: uliondoa msukumo wa chini, kisha ukatazama kama mlango unashika. Ndicho kipimo chenyewe. Usiache kitambaa zaidi ya dakika moja au mbili, na usilifanye kabisa ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au mkono wako umetengenezewa mshipa wa kusafishia damu.

Miguuni kazi ni nzito zaidi, kwa sababu damu inapanda kimo chote cha kutoka unyayoni hadi kifuani. Mtu mzima akisimama tuli, shinikizo kwenye vena za unyayo hufikia milimita 80 hadi 90 za zebaki. Akitembea linashuka hadi kama 20 au 30. Tofauti hiyo haitoki moyoni. Inatoka kwenye kigimbi: msuli ukikaza unaikamua vena na damu inapanda, ukilegea valvu zinafunga ili iliyopanda isishuke. Mwalimu, mlinzi, kinyozi, muuza duka na mama lishe wanaosimama mahali pamoja saa nyingi wana milango mizima lakini hawana msukumo, na valvu inayobeba uzito wa damu iliyosimama mwaka baada ya mwaka hutanuka mpaka vipande vyake havikutani tena. Hapo ndipo mishipa inapovimba na kujinyonga chini ya ngozi. Urithi, umri, ujauzito na uzito wa mwili vina mkono wao pia. Cha kufanya, basi, ni kurudisha msukumo: inua visigino na kuvishusha mara kadhaa kila baada ya muda, tembea hata hatua chache nyuma ya meza, pumzika ukiwa umeinua miguu juu kidogo ya kiwango cha moyo, na kama daktari amekubali, vaa soksi za kubana. Mafuta ya kuchua hayafiki kwenye valvu, na valvu iliyokwisha kuharibika haioti upya kwa mazoezi. Mazoezi yanaipunguzia mzigo tu. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na unauma, usiuchue hata kidogo. Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, na kipande chake kikisafiri hadi mapafuni kinaua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mlango huharibika kwa namna mbili, na kuzichanganya ni chanzo cha matengenezo mengi yasiyo na faida. Upo mlango usiofunga, unaovujisha kurudi. Na upo usiofunguka vizuri, unaobana kwenda. Moyo unazo zote mbili. Valvu zake 4 hufunguka na kufunga zaidi ya mara 100,000 kwa siku, ukihesabu mapigo 70 kwa dakika. Sauti mbili unazozisikia ukiweka sikio kifuani mwa mtu ni za kufunga: ya kwanza ni ya valvu mbili zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini, ya pili ni ya zile mbili za kutokea. Daktari anaposikiliza kwa makini anatafuta kilichomo kati ya sauti hizo, mvumo ambao haukupaswa kuwepo, na wakati mvumo unapotokea humsaidia kujua ni valvu gani na ina kosa gani. Mvumo wakati chumba kikuu kimelegea una maana nyingine kabisa na mvumo wakati kinabana. Huku kwetu Afrika Mashariki sababu kubwa ya valvu kuharibika kwa vijana si uzee. Ni homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo ya bakteria aina ya streptokoka ambayo hayakutibiwa, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Mwili unapopigana na bakteria unajeruhi na valvu zake wenyewe. Zinavimba, zinapona kwa makovu, zinashikana. Ile ya mitrali, iliyo upande wa kushoto, ndiyo inayoumia zaidi. Mtoto mwenye koo linalouma na homa apelekwe kituo cha afya, na akipewa antibiotiki azimalize hata kama koo limetulia siku ya pili. Akianza maumivu ya viungo yanayohama, leo goti kesho kiwiko, usiseme ni kukua. Aliyekwisha kuugua homa hiyo huwekwa kwenye sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, na kuruka sindano kwa sababu mtoto anaonekana mzima ni kuacha kinga wakati ule ule inapofanya kazi.

Hapa msomaji makini atanikatiza: kuna mitiririko ya upande mmoja isiyo na mlango wowote, na msukumo wake unakuja na kwenda. Ni kweli. Kwenye mapafu ya ndege hewa hupita upande mmoja ndege akivuta pumzi na akiitoa pia, na hakuna kifuniko kilichoonekana humo. Umbo la njia na mifuko ya hewa ndivyo vinavyoelekeza. Mwaka 2010 Colleen Farmer na Kent Sanders walionyesha kwamba aligeta wa Marekani, jamaa wa mamba, naye yuko hivyo. Nikola Tesla alipata hataza mwaka 1920 ya bomba lenye vichochoro vilivyopinda, maji yakienda yananyooka, yakirudi yanajigonga yenyewe, bila kipande kinachosogea. Na wavuvi wa pwani wamekuwa wakisuka madema tangu zamani, mdomo mpana kwa nje unaosinyaa kuelekea ndani, samaki anaingia kwa kufuata ukuta na akishakuwa ndani anazunguka pembeni bila kuliona tundu lililo katikati. Lakini angalia kinachotokea mwendo ukikoma. Bomba la Tesla hupinga maji yanayokwenda kasi tu. Jaza maji juu yake uyaache, yatashuka taratibu mpaka yaishe. Dema likilala majini mno, baadhi ya samaki hutoka. Umbo peke yake linapunguza kurudi, halikatazi. Ndege hahitaji kukataza, kwa sababu hana safu ya hewa inayotaka kuanguka. Wewe mwenye tanki juu ya nyumba na betri iliyojaa usiku unahitaji. Dayodi nayo haina bawaba, na bado inashika pakiwa kimya, kwa kuwa kizuizi kimo kwenye mpaka wa vipande viwili vya silikoni. Kwa hiyo usihukumu mlango kwa kuwa una kifuniko au hauna. Uhukumu kwa kushika pasipo na mwendo.

Tuje kisimani. Pampu ya juu ya ardhi inayonyonya haiwezi kuanza kama bomba la kunyonyea na tumbo lake havina maji, na valvu ya mwisho wa bomba ndiyo inayoyabakiza humo. Dalili ambayo kila mtu huilalamikia ni moja: asubuhi pampu inazunguka, maji hayaji, mpaka ifunguliwe na kujazwa kwa kopo. Fundi wa haraka atabadilisha valvu. Wewe pima kwanza. Washa pampu mpaka maji yafike tankini, izime, ikate kwenye umeme kabisa, kisha iache saa moja au mbili. Fungua polepole kizibo cha kujazia maji, ukiwa umesimama pembeni. Maji yakibubujika nje, valvu ni nzima. Kinachokusumbua pampu ikiwa inafanya kazi ni hewa inayoingia kwenye kiungo fulani cha bomba la kunyonyea, na dawa yake ni kukaza viungo na kubadilisha washa au gundi. Bomba likivuta hewa wakati wa kunyonya, mara nyingi hutoa maji mahali hapo hapo wakati wa kupumzika, kwa sababu sasa limebeba uzito wa maji ya juu; tembea nalo ukitafuta palipolowa. Ukifungua kizibo ukakuta patupu, na nje hakujalowa popote, valvu inavujisha. Itoe. Mara nyingi utakuta punje ya mchanga, jani au kipande cha nailoni kimekaa kati ya kifuniko na kiti chake, na kuisafisha kunatosha. Mpira ukiwa umekakamaa au una alama ya mfereji, badilisha. Unaporudisha, isilale kwenye tope. Iinue angalau sentimita 30 kutoka chini, uiwekee chujio.

Kwenye mwili wa valvu yoyote ya kuzuia maji yasirudi kuna mshale, nao unaonyesha maji yanakokwenda. Umewahi kusomwa kinyume mara nyingi kuliko inavyokubalika kusema mbele ya mwenye nyumba. Valvu ikifungwa kinyume pampu itanguruma na kupata moto bila kutoa tone, na kosa litadhaniwa liko kwenye mota. Kama kila ukizima unasikia kishindo kwenye mabomba, hiyo ni valvu inayofunga baada ya maji kuanza kurudi kwa kasi. Ile yenye springi hufunga mapema na kishindo hupungua. Pampu nyingi za kuzamishwa zina valvu zake ndani, lakini kwenye kisima kirefu ya pili juu ya pampu ni bima nzuri, maana kuitoa pampu mita 60 chini si kazi ya asubuhi moja.

Usifanye bima hiyo upande wa kunyonya. Hili ni pingamizi la pili ninalolisikia: kama mlango ni mzuri, si bora mingi? Si bora, kwa kuwa kila mlango unatoza ushuru. Pampu ya kunyonya haivuti maji, inaondoa hewa tu na uzito wa anga ndio unaoyasukuma juu, nao, kwenye usawa wa bahari, hauwezi kuyainua zaidi ya kama mita 10.3 hata kwa pampu kamilifu. Kwa pampu za dukani hesabu mita 7. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, kikomo chenyewe kinashuka chini ya mita 9, na pampu iliyofanya kazi vizuri Mombasa inaweza kushindwa huko kwa kina kile kile. Kila valvu unayoongeza kwenye bomba la kunyonyea inakula sehemu ya kiasi hicho kidogo. Umeme una ushuru wake: dayodi ya kawaida ya silikoni hukata karibu volti 0.7 mkondo unapopita. Paneli ya wati 50 ikitoa kama ampea 2.8, hapo zinapotea karibu wati 2, nazo zinageuka joto. Dayodi ya aina ya Schottky hukata kama 0.4 au chini ya hapo, na kwa mfumo mdogo wa volti 12 tofauti hiyo ina maana.

Je, unaihitaji hiyo dayodi? Mwenye kujua kidogo atasema paneli yenyewe ni dayodi, kila seli ni moja, kwa nini niongeze nyingine? Hoja ni nzuri, ila mwelekeo wake ni wa kushangaza: usiku, betri inasukuma mkondo kwenye paneli kwa upande ambao seli zinaruhusu, si upande zinaoukataza. Kinachokuokoa ni wingi wao. Volti 12.6 za betri zikigawanywa kwa seli 36 kila moja inapata volti 0.35 tu, na kwa kiasi hicho seli nzima hupitisha mkondo mdogo sana. Seli zikiwa na kasoro, au paneli ikiwa na seli chache kuliko hizo, uvujaji unakua. Chaji kontrola ya kawaida huzuia kurudi huko yenyewe, kwa hiyo ukiwa nayo usiongeze kitu. Usipokuwa nayo, weka dayodi kwenye waya wa chanya, upande wenye mstari ukitazama betri, yenye uwezo wa ampea zaidi ya zile za juu kabisa zilizoandikwa nyuma ya paneli. Kwa ile ya wati 50, ya ampea 3 imebana mno, chukua ya 10. Dayodi ulizokuta tayari ndani ya kisanduku cha nyuma ya paneli ni za kazi nyingine: zinafungua njia ya pembeni pale jani au kivuli kinapofunika sehemu ya seli. Usizitoe ukidhani ni za ziada.

Kupima ni usiku, kwa sababu ulizokwisha kuzijua. Giza likiingia, toa waya wa chanya wa paneli kwenye kontrola, weka mita kwenye ampea, ncha nyekundu kwenye tundu la 10A, uiunganishe kati ya waya huo na mahali ulipoutoa. Kamwe usiigusishe mita iliyo kwenye ampea moja kwa moja kwenye vichwa viwili vya betri. Hiyo ni shoti, na kitakachookoa mkono wako ni fyuzi ya mita, kama ipo. Ukisoma sifuri au miliampea chache, njia ya paneli ni salama. Ukisoma ampea 0.2, kwa usiku wa saa 12 ni ampea-saa 2.4, na kwenye betri ya ampea-saa 20 hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi inayomwagika kila siku. Kama mita inasema hapavuji na betri bado inaamka dhaifu, tenga paneli na taa zote usiku mmoja, upime volti jioni na alfajiri: ikishuka ikiwa peke yake, ugonjwa ni wa betri yenyewe. Pikipiki inayolala na betri nzima ikaamka haistati inapimwa hivyo hivyo, ufunguo ukiwa umezimwa, mita ikiwa kati ya waya wa hasi na betri. Mkondo ukionekana, chomoa soketi ya rektifaya. Ukipotea, umempata mwizi.

Dayodi iliyotolewa hupimwa mezani kwa alama ya dayodi kwenye mita. Nyekundu upande usio na mstari, nyeusi kwenye mstari: utasoma kati ya 0.5 na 0.7, au 0.15 hadi 0.4 kwa Schottky. Geuza ncha, mita iseme OL au 1. Ikisoma karibu sifuri pande zote, ni mlango usiofunga. Ikisema OL pande zote, haufunguki. Toa mguu mmoja kwenye bodi kabla ya kupima, la sivyo utakuwa unapima vifaa jirani. Na kumbuka kwamba mita ina volti chache tu: dayodi ya 1N4007 imetengenezwa kustahimili hadi volti 1,000 za kurudi, na iliyodhoofishwa na radi inaweza kufaulu mezani ikaanguka kazini. Ukiwa na shaka badilisha, ni kifaa cha bei ya pipi.

Lililobaki ni la maji ya kunywa, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote kwa kuwa hasara yake haionekani kwenye bili. Mijini maji yanakuja kwa mgao. Yakikatika, mabomba ya mtaa hayabaki yamejaa kimya. Yanamwagika kuelekea sehemu za chini, na yanapomwagika yananyonya kupitia kila tundu lililo wazi. Mfumo mzima wakati huo uko kwenye hali ile ya pampu iliyozimwa. Ukiwa umeacha mpira umezama kwenye pipa la dawa ya kunyunyizia mboga, kwenye ndoo ya kufulia au kwenye dimbwi la bustani, kilichomo kinaweza kupanda na kuingia kwenye bomba ambalo jirani atafungulia kesho kumpa mtoto. Weka valvu ya kuzuia kurudi baada ya mita ya maji, mshale ukitazama nyumbani kwako, na uipime siku ya mgao: funga mabomba yote ya ndani, fungua la karibu kabisa na mita lililo kabla ya valvu, kama lipo, kisha tazama. Maji ya tanki lako yakianza kutoka hapo, valvu haishiki. Lakini valvu pekee isikutoshe. Acha nafasi ya wazi kati ya mdomo wa bomba na maji unayojaza, upana wa vidole vitatu au vinne, tankini na kwenye pipa pia, na mpira ukishamaliza kumwagilia utoe majini kabla ya kufunga koki.